Muulize Yaya: Nani aliua sezoni ya Mets?

Barua ya kwanza ya mwezi huu nilipoisoma kwa sauti hapa redaksio, wenzangu wakaniuliza besiboli na Lubumbashi wapi na wapi. Mi nikasema njo hii hii itafungua ukurasa, juu kila mwezi munaniandikia mpira wa miguu tu, Mazembe na Lupopo, Lupopo na Mazembe, na mimi pia nachokaka.

*

Yaya, jambo yako. Mi ni kijana wa Katuba, nauzisha vitu vya telefone, chaja, ekutera, glasi za ekra, pale mjini. Kuko kitu nikiongea na wenzangu wanacheka tu, njo naandika kwako. Niko sapota wa Mets, ekipe ya besiboli ya New York. Ilianzaka na kofia. Nilinunua kofia ya tombola, ya bluu, iko na NY ya rangi ya machungwa, mtu mmoja akaniambia we usifikiri hiyo ni ya Yankees, Yankees NY yao ni nyeupe, hiyo yako ni ya Mets. Nikatafuta kwa telefone hao Mets ni nani, na toka siku ile sijatoka tena. Sezoni ya 2025 niliifuata karibu usiku wote, umeme ukiwa haupo nafuata na batri, nakula mega kuliko bukari. Mwezi wa sita tulikuwa wa kwanza, hakuna ekipe ilikuwa mbele yetu kwa zote 30. Halafu tarehe 28 mwezi wa tisa, siku ya mwisho kabisa, Marlins wakatupiga 4-0, tukabaki nje. Na Reds, wale tulikuwa tunagombania nao nafasi, na wao walipoteza siku ile ile! Yaani tungeshinda tu, basi, tumeingia. Pesa walitumia ya kuogopesha, Soto, mpigaji wetu, peke yake dola milioni 765. Na kisha sezoni kuisha wakaacha Alonso, mpigaji wetu mwingine mkubwa, akaenda. Sasa Yaya, kosa ni ya nani? Ni ya Soto, ya kocha, ya patro? Nimerudilia ile mechi ya mwisho kwa kichwa mpaka nachoka. Na ya pili, mi niko mjinga kuumia juu ya ekipe ambayo haijue hata kama Katuba iko? Rafiki yangu anasema niache mambo ya wazungu nirudi kwa Mazembe.
Kijana wa Kofia, Katuba

Mdogo wangu, pole kwanza. Utanivumilia kidogo nianze na wasomaji ambao besiboli wanaijua kwa filamu tu, kisha nakurudilia.

Ligi kubwa ya Marekani ina ekipe 30, na kila ekipe inacheza mechi 162 kwa miezi sita, toka mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Karibu kila siku wako uwanjani, leo wamepigwa, kesho wanavaa tena jezi wanatoka. Kisha hapo ekipe 12 zinaingia kwenye mechi za kutafuta kombe, wengine wanaenda nyumbani. Sasa mushike namba hii: Dodgers wa Los Angeles, mabingwa wa 2025, kwenye zile 162 walishinda 93 na wakapoteza 69. Mabingwa, wamepigwa mara 69! Hapa kwetu Mazembe ikipoteza mbili za kufuatana watu hawasalimiane tena Kamalondo, kule kupoteza ni sehemu ya kazi, na hata ekipe nzuri sana inapoteza mara 60 na zaidi bila mtu kuandamana. Njo maana sezoni ya besiboli inaweza kuwa inaoza polepole na sapota hasikii arufu, juu kila siku anajiambia ni mechi moja tu, kesho tunalipiza.

Mets walimaliza na ushindi 83, wakapoteza 79. Reds wa Cincinnati wakamaliza sawasawa, 83 na 79, na siku hizi hawachezeshi tena mechi ya ziada ya kuamua, wanaangalia tu nani alimpiga mwenzake zaidi mulipokutana, na Reds walikuwa wamewapiga Mets mara nne kwa mechi sita. Basi. Ushindi mmoja ndio ulikosekana kwa mechi 162.

Sasa wewe uko unatafuta huo mmoja kwenye mechi ya mwisho, na nakuelewa, juu ile mechi ilikuwa mbaya ya kuangalia. Mechi iko na awamu tisa, na awamu ya nne Marlins wakaingiza alama zote nne. Awamu ya tano Mets wakajaza watu kwenye vituo vyote vitatu vya kukimbilia, Alonso akaja kupiga, akaugonga ule mpira kwa nguvu ya ajabu, na mpira ukaenda sawa mpaka kwenye glavu ya mdakaji wa Marlins wa upande wa kushoto. Ungepita mita chache pembeni leo unaniandikia barua ingine. Na wazee wa Mets waliumia mara mbili juu walijua jina la adui: mwaka 2007 walikuwa mbele kwa mechi 7 na zimebaki 17, wakaporomoka, na siku ya mwisho waliowazika ni Marlins, 8-1. Mwaka 2008 tena siku ya mwisho, tena Marlins, 4-2, na hiyo ndiyo ilikuwa mechi ya mwisho kabisa ya uwanja wao wa zamani, Shea. Kwa hiyo 2025 ni mara ya tatu mlango ule ule unafungwa na mtu yule yule. Hapa mjini tungeshaitafutia nganga.

Lakini mimi sikubali kwamba sezoni ilikufa siku ile. Kama unanilazimisha nitoe tarehe, nakupa tarehe 12 mwezi wa sita.

Siku ile Mets walishinda. Walikuwa na ushindi 45, wamepoteza 24, wa kwanza kuliko wote kama unavyosema. Mrushaji wao (yule anayemtupia mpigaji mpira) Kodai Senga, Mjapani, mmoja wa waliokuwa wanarusha vizuri kuliko wote kwenye ligi nzima, alikimbia kufunika kituo cha kwanza, Alonso akamtupia mpira ukaenda juu kidogo, Senga akaruka kuudaka, akatua vibaya, msuli wa nyuma wa paja ukavutika. Akatoka. Mechi wakaimaliza, wakashinda, watu wakaenda kulala na furaha. Kesho yake wakaanza kupoteza, na wakapoteza 7 mfululizo. Toka pale mpaka mwisho wa sezoni ni ushindi 38 na kupoteza 55, fanya hesabu mwenyewe. Ekipe ya 38 na 55 ni ekipe mbaya, mdogo wangu, hiyo si bahati mbaya ya siku moja, ni miezi tatu na nusu ya ubaya, na kama si ile mali waliyoweka mwezi wa nne na wa tano hata hiyo siku ya mwisho usingekuwa na kitu cha kungojea.

Senga alirudi lakini hakurudi yule yule, mpaka mwezi wa tisa wakamshusha kwa ekipe ya wadogo kule Syracuse. Sean Manaea hakuanza sezoni, alikuwa mgonjwa wa mbavu, na aliporudi hakuwa yule wa 2024. Griffin Canning alikatika kano ya kisigino mwisho wa mwezi wa sita, ikaisha kwake. Na hapa nieleze tena kwa wageni: mrushaji anayeanzisha mechi anatakiwa avumilie awamu tano, sita, kati ya tisa, kisha wanaingia wengine kumalizia. Ukiwa na mrushaji anayeanguka awamu ya nne kila siku, wale wa kumalizia wanafanya kazi ya watu wawili, mwezi wa nane mikono imekufa, na kila siku kocha anaita mtu mpya toka chini. Mets walitumia warushaji zaidi ya 40 kwa sezoni moja! Mwishoni mwa sezoni waliobaki wa kutegemea ni watoto, Nolan McLean ambaye alianza kucheza mwezi wa nane na akawa njo mzuri kuliko wakubwa wote, na wengine wawili waliokuja nyuma yake, wote ni mara yao ya kwanza kwenye ligi kubwa.

Kwa hiyo umeniuliza kosa ni ya Soto? Hapana, mwachie. Alianza pole, mwezi wa tano wakampigia makelele, lakini alimaliza na mipira 43 aliyoipiga mpaka nje ya uwanja na akaiba vituo 38, yaani anakimbilia kituo kingine mwenzake hajapiga mpira, yule mtu ambaye kila mtu anajua hana mbio. Lindor, mpigaji mwenzake, alipiga 31 za nje na akaiba vituo 31. Alonso 38 za nje. Hawa walifanya kazi yao, ingawa nao kuko kitu kimoja kibaya sana ambacho sijui kama ulikiona: kwa sezoni nzima, mechi yote ambayo Mets walikuwa nyuma baada ya awamu ya nane, hawakushinda hata moja. Hata moja, Kijana wa Kofia! Ekipe ya pesa ile, haijainuka hata mara moja.

Lakini mzigo mkubwa mi naubebesha David Stearns, yule mkuu anayenunua wachezaji. Alinunua nyama ya bei kali akasahau unga. Warushaji wa kuanzisha alikusanya watu wa bei ya chini na majeruhi wa zamani akitumaini atawatengeneza, na kwa miezi miwili na nusu ilionekana ni mwerevu kuliko wote, magazeti yakamsifu. Kisha mwisho wa mwezi wa saba, wakati wa mwisho wa kubadilishana wachezaji, kila mtu anaona wazi kwamba waanzishaji wamekwisha, akaleta watu wa kumalizia tu, na mmoja wa kucheza katikati. Mwanzishaji hata mmoja hakuleta. Mwezi wa tisa ikaja kupoteza 8 mfululizo. Hapo tena unataka kumlaumu Alonso kwa mpira mmoja ulioenda kwenye glavu?

Patro Steve Cohen aliomba sapota wote pole hadharani. Vizuri, si mapatro wengi wanafanya hivyo, hapa kwetu sijamuona. Ila pole haikuzuia lile la mwezi wa kumi na mbili, na mimi ningekuwa wewe ningeumia na hilo kuliko Marlins. Alonso alianza na Mets 2019, mwaka wake wa kwanza akapiga 53 za nje, rekodi ya mtu mpya kwenye ligi yote, na mwezi wa nane 2025 akapita 252 za Darryl Strawberry, akawa namba moja wa historia ya klabu. Akaenda Baltimore, miaka 5, dola milioni 155. Edwin Díaz, mrushaji wao wa kumalizia, akaenda Dodgers. Brandon Nimmo, ambaye walimchukua mtoto mwaka 2011 hajacheza kwingine, walikuwa wamembadilisha tayari mwezi wa kumi na moja na Marcus Semien wa Texas. Wanasema wanataka ekipe inayodaka vizuri, na kweli Alonso kwenye kituo cha kwanza mikono yake si ya sifa, na ana miaka 31, na miaka 5 ni mingi. Hesabu yao nikiisoma kwenye karatasi sioni pa kuikatalia. Lakini hakuna mtu anayekesha saa nane ya usiku na batri asilimia 9 kwa ajili ya hesabu ya karatasi, na hilo mi nalihesabu kwa deni la Stearns.

Swali lako la pili sitalichelewesha. Hapa Lubumbashi kuko watu wanaacha kula juu Arsenal imetoka sare, kuko nyumba bwana anashika Barcelona na bibi Real na siku ya mechi hawaongei, na sijasikia mtu anawauliza kama London inaijua Katuba. Wewe kwa sababu ekipe yako inacheza na fimbo wanakuita mjinga. Achana nao. Na hiyo ya kurudi kwa Mazembe, kwani ulihama? Mazembe inacheza mchana, Mets usiku, hazigongani. Tena kama rafiki yako anafikiri kwa Mazembe njo kuko raha tupu, mkumbushe 2024-25, kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa tulimaliza wa mwisho, nyuma ya Al Hilal, MC Alger na Yanga, na kule Dar es Salaam tulikula 3-1. Hiyo ni klabu yenye makombe 5 ya Afrika, 1967, 1968, 2009, 2010, 2015, klabu iliyofika fainali ya klabu za dunia Abu Dhabi. Raha yake ilikuwa kubwa, na kupigwa pia tumepigwa, kwenye fainali ile Inter ya Italia ilitupiga 3-0 na bado Kidiaba, kipa wetu, alirudi hapa kama mfalme.

*

Yaya, mimi nafuata michezo yote ya Marekani, na hii mambo ya kusema "pesa hainunue kombe" mi naona ni uongo wa watu masikini. Dodgers wana pesa kuliko wote, wamechukua 2024, wamechukua 2025. Sema ukweli basi.
Mkweli wa Bel-Air

Mkweli, mi sijasema pesa hainunue kombe, soma tena. Nimesema unga.

Ni kweli besiboli haina kikomo cha mshahara kama michezo mingine ya kule, iko tu na kodi unalipa ukizidisha, na Dodgers na Mets ndio walipaji wakubwa, wote wawili juu ya dola milioni 300 kwa mwaka. Kwa hiyo kama ni pesa peke yake, Mets wangekuwa fainali na wao. Angalia Dodgers walipoitia: Yoshinobu Yamamoto, mrushaji, milioni 325 kwa miaka 12. Blake Snell, mrushaji, milioni 182. Ohtani ambaye anarusha na anapiga, milioni 700. Na fainali ya 2025 na Toronto, kama hukuiangalia umekosa, ilienda mpaka mechi ya saba, awamu 11, 5-4. Yamamoto alirusha mechi ya pili yote peke yake mwanzo mpaka mwisho, akaanzisha ya sita akashinda, na kesho yake, KESHO YAKE, wakamwita tena kwenye ya saba akaingia kumalizia, akashinda na hiyo. Ushindi tatu kwa fainali moja, warushaji wa kawaida baada ya kazi ya siku moja wanapumzika siku nne tano.

Na hapa kuko kitu ambacho kinanifanya nisimpige Cohen sana: mwisho wa 2023 Mets nao walimtaka huyo huyo Yamamoto, na iliripotiwa kwamba waliweka mezani pesa ile ile, milioni 325. Kijana akachagua Los Angeles. Kwa hiyo si kwamba pale New York hakuna aliyejua unga unauzwa wapi. Walikataliwa dukani, wakarudi nyumbani, na badala ya kutafuta duka lingine wakajiambia tutakula nyama peke yake. Mwaka uliofuata 2024 walifika hatua moja kabla ya fainali na warushaji wa kuokoteza, wakatolewa na Dodgers 4-2, na mi nadhani ile bahati ya 2024 njo iliwadanganya, waliona inawezekana kila mwaka.

*

Yaya, mi wa Lupopo, nimezaliwa Cheminot nitakufa Cheminot. Nataka kujua tu: ekipe ya besiboli ikiwa ya mwisho, inashuka daraja? Na Mets wana miaka ngapi bila kombe, juu nataka kujua kama kuko mtu anavumilia kuliko sisi.
Wa Manjano na Bluu, Kampemba

Haishuki. Chicago White Sox mwaka 2024 walipoteza mechi 121, hakuna ekipe ya kisasa iliyowahi kupoteza nyingi vile, walikuwa wamevunja rekodi ya Mets wenyewe wa 1962 waliopoteza 120 mwaka wao wa kwanza kabisa. 2025 White Sox wakaanza tena kwenye ligi ileile kama vile hakuna kitu. Colorado Rockies mwaka huo wakapoteza 119, nao wako. Wa chini tena wanapewa nafasi nzuri kwenye bahati nasibu ya kuchagua vijana wapya. Kuko watu wanaona ni ubinadamu, mi naona ni kulea uvivu, patro anaweza kuweka ekipe ya bei chee miaka kumi anakula pesa za televisheni na hakuna wa kumtisha. Ungeweka kushuka daraja kule, sezoni mbili tu, ungeona mapatro wanavyokimbia.

Kuhusu kuvumilia: Lupopo bingwa wa nchi mara ya mwisho ni 2002. Mets kombe la mwisho ni 1986. Mwaka ule hapa tulikuwa Zaïre, mkoa unaitwa Shaba, na wewe kwa mwandiko wako sidhani ulikuwa umezaliwa. Kwa hiyo pole, wamewazidi kwa miaka 16, tafuteni kitu kingine cha kujisifia. Ila 2025-26 nyinyi mumeenda kwenye Ligi ya Mabingwa ya Afrika na sisi wengine tumewaangalia, hiyo nakupa, usinirudishie kwa barua ingine.

*

Yaya, heshima zangu. Mimi ni mama wa watoto wanne Ruashi. Bwana yangu alifanyaka kazi na Wamarekani kwenye kampuni ya migodi, wakamfundisha mambo ya besiboli, sasa mwaka mzima uliopita anaamka usiku wa manane anakaa salo na telefone, anapiga kelele, anaamsha mtoto mdogo. Mara ya kwanza nilifikiri kuko mwanamke. Afadhali ingekuwa, ningejua kwa kwenda. Ekipe yake ilipoteza akakaa siku mbili bila kuongea na mimi. Nisaidie, hii kitu inaisha lini?
Mama wa Ruashi

Mama, umenichekesha na sikutaka kucheka. Nikupe masaa, ujue unapigana na nini. Lubumbashi iko mbele ya New York kwa masaa sita wakati wa sezoni. Mechi zao nyingi za siku za kazi zinaanza saa moja na dakika kumi ya jioni kwao, kwako ni saa saba na dakika kumi ya usiku. Zamani zilikuwa zinapita masaa matatu, lakini toka 2023 waliweka saa ya kuhesabia mrushaji, akichelewa kurusha anapewa adhabu, na mechi zimefupika, sasa ni kama masaa mawili na dakika arobaini. Kwa hiyo anamaliza kabla ya saa kumi. Ekipe yake ikisafiri upande wa California ndiyo mbaya, au ndiyo nzuri kwako: inaanza karibu saa kumi ya alfajiri yetu, anaweza kulala usiku mzima akaamka nayo, mtoto naye anakaribia kuamka.

Jumapili njo siku yako ya kumpatia. Mechi za Jumapili mchana kwao zinaanguka kwetu saa mbili kasoro ya jioni, baada ya kula, na hiyo moja aangalie salo na kelele zake zote, hata wewe ukae naye. Katikati ya wiki asome matokeo asubuhi, kuko vidokezo vya dakika kumi kwa telefone, na vinakula mega kidogo kuliko mechi nzima, hiyo mwambie kwanza, mwanaume anasikia haraka habari ya mega. Na akichagua mechi moja ya usiku kwa wiki, anaenda kuangalia kwenye chumba cha nje na vya masikio.

Kuhusu lini inaisha: kombe likiisha wanapumzika, una amani mpaka mwisho wa mwezi wa tatu. Hukuniambia ni ekipe gani. Kama ni Rockies ungojee mabaya mapema, mwezi wa tano atakuwa amekata tamaa mwenyewe, atalala. Kama ni Dodgers, mama, nunua chaja ya pili, utamkosa mpaka mwezi wa kumi na moja.